Baga Bila Mkate: Wazo la Zaidi ya Miaka 160

Ukimsikia mtu kwenye foleni ya mgahawa akisema "mkate toa, niongezee nyama," usidhani hilo ni wazo la vijana wa gym wa siku hizi. Lina zaidi ya miaka 160, na aliyelitangaza alitoka kwenye ukoo wa watengeneza majeneza.

Mwaka 1862 William Banting wa London alikuwa na miaka 65 na uzito wa karibu kilo 92, na mwenyewe alikuwa mfupi. Ukoo wake ndio ulioshughulikia mazishi ya wakubwa wa Uingereza, lakini yeye hata kuinama afunge kamba za viatu alishindwa, na ngazi alizishuka kinyumenyume. Alijaribu kupiga makasia, ikamwongezea njaa tu. Masikio yalipoanza kumsumbua akaenda kwa daktari wa masikio, William Harvey (si yule wa mzunguko wa damu, huyo ni wa karne mbili nyuma).

Harvey alikuwa amewahi kusikiliza mihadhara ya Claude Bernard kule Paris, kuhusu jinsi ini linavyotengeneza sukari. Akaunganisha mambo, akampiga Banting marufuku: mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Nyama na samaki ruksa. Mvinyo pia, ruksa! Ndani ya takriban mwaka mmoja mzee alipungua karibu kilo 21. Mwaka 1863 akachapisha kijitabu kueleza yaliyompata, na jina lake likageuka kitenzi. Hadi leo, kwa Kiswidi, "banta" ni kula kwa mpango ili upungue.

Sasa hebu itazame tena orodha ya Harvey, halafu fikiria trei ya baga: mkate, chipsi, soda. Ni vilevile, si ndiyo? Vyakula vya haraka vya Marekani vilizungushia nyama vitu vya bei nafuu, vya kushibisha na vya kushika mkononi. Kwa hiyo ukiondoa mkate na chipsi, unabaki na chakula cha Banting.

Wafanyabiashara nao waliliona hilo. Daktari Robert Atkins alitoa kitabu chake cha kupunguza wanga mwaka 1972, na wimbi lake likafika kileleni mwaka 2003 na 2004. Carl's Jr. na Hardee's wakaanza kufunga baga kwa majani ya saladi, Subway ikashirikiana na kampuni ya Atkins. Mwaka 2005, kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa sheria ya kufilisika.

Kwa nini wimbi lilitulia haraka hivyo? Sehemu ya jibu iko mwilini. Mwili huhifadhi wanga kama glikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukikata wanga, glikojeni inapungua na maji yanatoka. Mzani unashuka wiki ya kwanza, wewe unashangilia, kumbe mafuta yaliyopungua ni kidogo tu. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa kwa miezi 12: waliopunguza wanga walipoteza wastani wa kilo 6.0, waliopunguza mafuta kilo 5.3. Tofauti hiyo haina uzito kitakwimu. Na ndani ya kila kundi, wapo waliopungua sana na wapo walionenepa.

Kwa hiyo ukitaka protini nyingi na wanga kidogo, huhitaji menyu maalumu. Kuku wa kuchoma au mishkaki, kachumbari badala ya chipsi, na maji. Hapo kwenye maji usipuuze: soda ya kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, zaidi ya wanga wa mkate wa baga ya kawaida. Ukitoa mkate ukabakiza soda, umejidanganya. Ukiongeza nyama ya mafuta bila kipimo, kumbuka gramu ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4.

Jambo moja si la mzaha. Kama unatumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, kukata wanga ghafla bila dozi kurekebishwa kunaweza kushusha sukari ya damu hadi ukazimia. Banting alianza kwa kumwona daktari. Nawe anzia hapo.