Kaburi la Mwalimu na siasa ya kuzikwa nyumbani

Anayepanda basi Nyashimo ana makaburi mawili ya marais ya kuzuru bila kutoka Kanda ya Ziwa. Akishika njia ya Musoma atapita Lamadi na Bunda, ashuke Makutano, kisha aingie kulia kwenda Butiama, alikozikwa Julius Nyerere tarehe 23 Oktoba 1999. Akirudi upande wa Magu na Mwanza, akavuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, atafika Chato, alikozikwa John Magufuli tarehe 26 Machi 2021. Benjamin Mkapa yuko Lupaso, Masasi. Ali Hassan Mwinyi yuko Mangapwani, Unguja. Hakuna hata mmoja aliyelazwa Dodoma wala Dar es Salaam. Wengi hulipokea jambo hili kama mila tu, mtu kurudishwa kwao. Ni mila kweli, lakini ni siasa pia, na naona ni moja ya siasa nzuri kabisa ambazo nchi hii imezifuata bila kuzipigia debe.

Tuwatazame majirani kwanza. Jomo Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa siku tisa baadaye ndani ya viwanja vya Bunge, Nairobi. Kaburi lake lina jengo, bendera na walinzi, na mwananchi wa kawaida haingii bila kibali maalumu. Wengi hulichungulia tu wakipita barabarani. Mtu aliyelazwa katikati ya jiji lenye watu zaidi ya milioni nne amekuwa mbali na watu kuliko aliyelazwa kilimani kule Butiama, Uzanaki. Kenya yenyewe haikuirudia njia hiyo: Daniel arap Moi alizikwa Kabarak mwaka 2020, na Mwai Kibaki Othaya mwaka 2022. Huko Ghana, mwili wa Kwame Nkrumah umesafiri kuliko wanasiasa wengi walio hai. Alipinduliwa 1966, akafia Bucharest Aprili 1972, akazikwa Guinea, akafukuliwa na kupelekwa kijijini kwake Nkroful, na mwaka 1992 akahamishiwa Accra, kwenye uwanja alipotangazia uhuru wa 1957. Leo yuko chini ya jengo la marumaru lililozungukwa na maji, na katika bustani hiyo hiyo imesimamishwa sanamu yake ya zamani isiyo na kichwa, iliyovunjwa wakati wa mapinduzi. Serikali moja humkata mtu kichwa, nyingine humjengea marumaru. Mwili ukishakuwa mali ya ikulu, kila anayeingia ikulu anaurithi pamoja na samani.

Zambia imeonyesha upande mchungu zaidi wa jambo hili. Kenneth Kaunda alipofariki Juni 2021, familia ilisema alitaka kulazwa kando ya mkewe, Mama Betty, nyumbani kwake. Serikali ilimzika Embassy Park, Lusaka, penye makaburi ya marais wengine. Miaka minne baadaye, rais mwingine wa zamani, Edgar Lungu, alifia Afrika Kusini tarehe 5 Juni 2025, na safari hii mvutano kati ya serikali na familia juu ya mazishi ulifika mahakamani Pretoria, maiti ikisubiri. Mtu anayesifia utaratibu wa kuwa na makaburi rasmi ya viongozi katika mji mkuu anapaswa kutueleza nani mwenye maiti siku serikali na wafiwa wasipoelewana.

Kwa watu wa huku hilo si swali geni. Katika Wilaya ya Busega, ilipo Nyashimo, kama kwingine Usukumani, wafu wengi huzikwa nyumbani, hatua chache kutoka kwenye nyumba, na kaburi ni ushahidi wa ardhi: mgogoro wa mpaka ukizuka, mtu huonyesha alipolala babu yake. Kaya ikihama, hubaki mstari wa minyaa iliyorefuka ikawa miti katikati ya shamba la pamba, jiwe la kusagia, na makaburi. Msukuma huita mahali hapo itongo. Wazanaki wana neno la ukoo huohuo, na kilima alicholala Mwalimu kinaitwa Mwitongo, yaani mahameni.

Jina hilo lina uzito wake. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shambani awe amehamia kijijini. Operesheni ilipopita Usukumani, kaya zilizotawanyika zilivunjwa, watu wakapangwa kwenye mistari ya nyumba, na makaburi yao yakabaki porini. Aliyetoa amri ile amelala kwenye mahame ya kwao, karibu na baba yake, Chifu Nyerere Burito aliyefariki 1942, na mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe. Wapo watakaouita unafiki. Sioni hivyo, kwa sababu alipoacha urais mwaka 1985 alirudi Butiama kuishi na kulima, hakurudishwa kwa jeneza pekee. Lakini kaburi hilo linakiri jambo ambalo Operesheni ililikataa: kwamba mtu na ardhi yake hufungwa na waliolala humo kabla ya kufungwa na orodha ya kijiji. Mwanafunzi anayepelekwa Butiama kwa ziara ya shule alistahili kuelezwa hayo pia.

Ukilitazama kwa jicho la usanifu, jengo lenyewe la Mwitongo halishindani na la Accra, sembuse mnara wa Agostinho Neto kule Luanda wenye urefu wa mita 120. Nguvu yake iko katika mpangilio. Kaburi limejengewa, ndiyo, lakini liko kwenye ardhi ya ukoo unaoendelea kuishi hapo, kati ya mawe makubwa ya asili, na makaburi ya wazazi yakiwa jirani. Makumbusho ya Taifa yapo, yaliyofunguliwa Julai 1999 Mwalimu mwenyewe akiwa hai. Kanisa Katoliki nalo, lililomtangaza Mtumishi wa Mungu mwaka 2005, lina mahujaji wake. Dola na Kanisa vyote vimekuja, ila vimekuja ugenini.

Pingamizi la kwanza ni Karume. Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972, amezikwa Kisiwandui, mjini Zanzibar, kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi ambayo leo ni ofisi ya CCM. Basi mila yetu si moja. Sawa, lakini kaburi hilo linaithibitisha hoja yangu kuliko kuivunja. Kila Aprili 7, dua ya kumwombea mwasisi wa taifa zima husomwa penye ofisi ya chama kimoja. Mzanzibari wa chama kingine anayetaka kumwombea Karume kaburini hana budi kuingia kwa wapinzani wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni Chato. Husemwa kwamba kuzika marais makwao kunageuza kijiji kuwa mdai wa kudumu wa taifa, na ni kweli kwamba wakati wa msiba wa 2021 lilitolewa ombi Chato iwe mkoa. Lakini tuangalie tarehe. Uwanja wa ndege wa Chato ulijengwa Magufuli akiwa Ikulu, na Hifadhi ya Burigi-Chato ilitangazwa mwaka 2019. Vilikuja kwa kalamu ya aliye hai. Upande wa pili, Butiama ilikuwa na rais kwa zaidi ya miaka ishirini na ikabaki kijiji. Hata hadhi ya wilaya ilipatikana zaidi ya miaka kumi baada ya yeye kuzikwa. Anayeogopa upendeleo wa nyumbani aubane kwenye bajeti, aiache sanda.

Tena "nyumbani" penyewe huchaguliwa. Mwinyi alizaliwa mwaka 1925 Kivure, Mkuranga, akalelewa Unguja tangu utotoni. Angeweza kudaiwa na pande zote mbili za Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, alizikwa Mangapwani kwa taratibu za Kiislamu siku mbili baadaye. Mangapwani na Mwitongo zimetenganishwa na bahari, dini na lugha za mababu, lakini kote kuwili, kiongozi anayekuja na shada lake na wapiga picha wake anaanza kwa kupiga hodi kwa wenye mji.