Vyombo vya Maziwa katika Tijara ya Garissa

Zamani, kabla plastiki haijaenea katika masoko ya Garissa, maziwa ya ngamia yalihifadhiwa na kuchukuliwa katika vyombo ambavyo Wasomali huviita haan na dhiil, navyo vilisukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi na magome ya miti ya nyika, zilizopondwa, zikalainishwa, kisha zikabanwa hata tone lisipate pa kupenya. Vilikuwa miongoni mwa mali aliyoingia nayo bibi arusi katika aqal yake, yaani nyumba ya kuhamishika ya Kisomali, na thamani yake haikuwa ndogo. Kila baada ya kutumiwa, chombo kilifukizwa ndani kwa vijiti vyenye moto, na moshi ule uliua vijidudu na kuyapa maziwa ladha ambayo wazee wangali wakiitamani. Ndipo suusac, yaani maziwa yaliyochachushwa, ikaweza kukaa siku kadhaa katika joto kali pasipo barafu. Chombo kikipasuka, kilishonwa, kikichakaa kabisa, kiliozea ardhini.

Mji ulipokua, na maziwa yakawa yakisafirishwa hata Eastleigh, Nairobi, ulikuja mtungi wa plastiki uliokwisha kutiwa mafuta ya kupikia. Nauhukumu kwa insafu: ni mwepesi, ni rahisi, hurudi kujazwa tena. Lakini shingo yake nyembamba haipitishi mkono wa kuusafisha, wala hauyastahimili makaa ya kufukizia.

Msiba hasa uliletwa na juala la plastiki, lililotumika saa moja likabaki miaka na miaka, likaning'inia katika migunga na kuliwa na mbuzi na ng'ombe, ambao ndio rasilimali ya watu wa Kaskazini Mashariki, wakafa matumbo yamezibwa. Serikali ya Kenya ilitangaza marufuku ya majuala hayo tarehe 28 Februari 2017, ikaanza kutekelezwa tarehe 28 Agosti mwaka ule ule, na adhabu yake ni faini ifikayo shilingi milioni 4 au kifungo kisichozidi miaka 4. Kadhalika, sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 imemtwika mwenye kuzalisha bidhaa dhima ya kifungashio chake hata baada ya kuuzwa.

Basi enyi wenye viwanda mnaobuni vifungashio vipya, nendeni Garissa mkaketi na wanawake ambao wangali wakijua kusuka haan, mkawalipe ujira wa haki kwa maarifa yao, maadamu wangali hai.