Kukoroma na kukatika pumzi usingizini: mtu wa Kasulu au Kibondo atibiwe vipi?

Wadau, swali hili limeulizwa sana hapa, nikaona niliandike lote mahali pamoja. Ukiweza iprinti hapo kafe, umpelekee mzee nyumbani.

Tuelewane kwanza. Kukoroma peke yake si lazima iwe ugonjwa. Wa kuangaliwa ni yule anayekoroma, mara kimya, sekunde kumi, ishirini, hata zaidi, kifua kinahangaika ila hewa haipiti, halafu anashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Misuli ya koo imelegea, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zimeziba njia. Madaktari huiita apnia ya usingizi. Aliyezidiwa inamtokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, na mwenyewe hana habari. Anachojua ni kwamba kaamka na kichwa kinamuuma, mchana anasinzia, na presha haishuki hata akimeza dawa.

Baba mdogo wangu anaendesha Fuso, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi. Aliyemgundua ni utingo wake, maana ndiye wanayelala naye kwenye lori. Mnaoendesha bodaboda na mabasi, hii inawahusu moja kwa moja. Usingizi wa namna hii haukupigi hodi, unashtukia uko mtaroni.

Sasa nianze na kisichotibu: kukata kimeo. Mitaani bado wapo wazee wanaokata vimeo, mtoto akikohoa kimeo, akikoroma kimeo. Kile kincha kinachoning'inia nyuma ya kinywa sicho kinachoziba koo peke yake, kwa hiyo ukikiondoa ulimi na kuta za koo bado zinalegea vilevile. Unachobaki nacho ni hatari ya kuvuja damu, pepopunda, usaha na hata VVU kama kisu kimepita kwa wengine. Kuna mdau atasema mbona hata hospitali wanakata? Ni kweli, upasuaji wa kupunguza kimeo na kaakaa laini ulianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1981. Lakini unafanyika mgonjwa akiwa amelazwa usingizi wa dawa, baada ya kuchunguza wapi panapoziba, na hata hivyo huwasaidia baadhi tu.

Kwa watoto habari ni nzuri zaidi. Mtoto anayekoroma kila usiku, analala mdomo wazi, anatoka jasho, anakojoa kitandani wakati alishaacha, na shuleni anashuka, mara nyingi ana tonsesi kubwa au nyama za pua. Tiba kuu ni kuziondoa zote mbili hospitali, na wengi wanapona. Ila sikiliza hili, maana wazazi wetu wanakosea kwenye nauli: damu inaweza kutoka siku ya kwanza, halafu ikatoka tena kati ya siku ya 5 na ya 10 wakati kidonda kinabanduka. Ukimfanyia mwanao Mwanza, usipande naye basi la Kibondo siku ya tatu. Tafuta ndugu mkae jirani na hospitali mpaka daktari awaruhusu. Hela ya kukaa huko ihesabu kwenye gharama tangu mwanzo.

Mtu mzima ajipime kwa maswali nane yaliyotungwa Toronto, Kanada, yakatoka 2008. Unakoroma kwa sauti kubwa? Unachoka mchana? Kuna aliyekuona pumzi ikikatika? Una presha? Umenenepa sana? Umepita miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40 (azima futi kwa fundi cherehani)? Ni mwanaume? Ndiyo tatu, kamwone daktari. Tano na kuendelea, usichelewe. Jibu la uhakika linatoka kwenye kipimo cha kulala ukiwa umefungwa vihisio usiku.

Tiba inayoongoza kwa mtu mzima ni mashine ya CPAP, iliyobuniwa na daktari Colin Sullivan kule Sydney, Australia, akaitangaza 1981. Kabla ya hapo tiba ya uhakika ilikuwa kutoboa koo! Inapuliza hewa ya kawaida kupitia kinyago cha puani, na msukumo huo unaacha koo wazi. Haina mtungi wa oksijeni. Haiponyi pia, ukiiacha tatizo linarudi, kwa hiyo unalala nayo kila siku.

Mtauliza umeme. Gridi ya taifa ilitufikia 2022 majenereta ya dizeli yakapumzika, lakini umeme kukatika we mwenyewe unajua. Ukizima kitangi cha kupasha maji, mashine nyingi zinakula chini ya wati 60, hivyo betri nzuri ya sola ya volti 12, Ah 100, inakufikisha asubuhi. Angalia tu volti ya mashine, nyingi zinataka 24, na hapo lazima uwe na kigeuzi.

Na mitumba ya CPAP kutoka Ulaya, kuweni macho. Juni 2021 kampuni ya Philips iliitisha mamilioni ya mashine, zikiwemo DreamStation, kwa sababu sponji ya ndani ilikuwa inaoza na mtumiaji kuvuta vumbi lake. Kabla hujatoa hela, chukua namba ya mashine uitafute mtandaoni. Dakika kumi za kafe zinatosha.

Wasio na mashine bado wana la kufanya. Lala ubavu, shona soksi yenye mpira mgongoni mwa fulana, ukigeuka chali itakuamsha. Acha gongo na pombe ya ndizi usiku, pamoja na vidonge vya usingizi, vyote vinalegeza koo. Kwa wanene, utafiti wa Wisconsin, Marekani, wa mwaka 2000 ulionyesha kupungua uzito asilimia 10 kunaendana na kupungua kwa tatizo kwa karibu robo. Kuna pia kifaa cha mdomoni cha kuvuta taya la chini mbele, kinachotengenezwa na daktari wa meno. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sindano ya tirzepatide kwa wanene wenye ugonjwa huu, lakini bei yake tusidanganyane.

Pa kuanzia ni hospitali ya wilaya au Kabanga pale Kasulu. Pima presha, eleza kila alichokiona anayelala na wewe, kisha omba rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, Maweni, Bugando au Muhimbili. Njia rahisi ni kumrekodi mgonjwa kwa simu akiwa amelala, dakika tano tu, daktari aone mwenyewe.

Mdau aliyenunua CPAP Mwanza au Dar hivi karibuni, atuwekee bei na duka kwenye maoni, hasa bei ya vinyago vya kubadilisha.