Halali, Ruksa na Kinachokubalika: Historia ya Dhana ya Kuruhusiwa katika Kiswahili

Makala haya yanafuatilia historia ya maneno ambayo Kiswahili kimeyatumia kueleza dhana ya kuruhusiwa, yakianzia na kivumishi cha Kiingereza *permissible*. Hoja yake ni kwamba kivumishi hicho humficha mwenye kuruhusu, ilhali maneno ya Kiswahili yanayokikaribia hubeba, kila moja kwa namna yake, kumbukumbu ya mahali ruhusa ilikotoka. Mfasiri wa sheria asipoizingatia tofauti hiyo anaweza kuibadili sheria yenyewe.

*Permissible* lina asili ya Kilatini: kitenzi *permittere*, yaani kuachia kitu kipite, pamoja na kiambishi kinachoonyesha kuwezekana au kufaa kutendwa. Neno hilo hutofautiana na *permitted*, linalodokeza kwamba ruhusa imekwisha kutolewa. *Permissible* huitaja ruhusa kana kwamba ni sifa ya jambo lenyewe, bila kuuliza ni nani aliyeitoa.

Kiswahili kilipata sehemu kubwa ya msamiati wa uwanja huu kutoka Kiarabu, hususan kupitia elimu ya fiqhi. Fiqhi huyapanga matendo katika mafungu matano: wajibu, sunna, mubaha, makuruhu na haramu. Fungu la kati, mubaha, ndilo lililo karibu zaidi na *permissible*, kwani kutenda hakuna thawabu na kuacha hakuna dhambi. Hata hivyo, neno mubaha limebaki zaidi katika darasa za wanazuoni, na halali ndilo lililoenea. Katika kuenea huko, maana yake ilipanuka. Tunaposema mmiliki halali, kura halali au mkataba halali, hatusemi kwamba mtu ameruhusiwa kitu. Tunathibitisha haki na nguvu ya kisheria. Kwa hiyo halali huzidi kuruhusiwa.

Neno ruhusa lilifuata njia nyingine. Katika fiqhi, *rukhsa* ni tahafifu inayotolewa juu ya hukumu ya asili, kama vile msafiri kupunguza rakaa za sala. Palipo na *rukhsa*, basi pana hukumu iliyotangulia. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa maumbo mawili, ruhusa na ruksa. Ruksa hutumika pia kama kiarifu kisichofuata upatanisho wa ngeli: jambo hili ni ruksa, mambo haya ni ruksa, kinyume chake ni marufuku, ambalo nalo halibadiliki. Historia ya Tanzania inaithibitisha maana hiyo ya kulegezwa. Ali Hassan Mwinyi, rais kati ya 1985 na 1995, aliitwa Mzee Ruksa kwa sababu utawala wake ulilegeza masharti yaliyokuwapo. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kumiliki hisa na kupokea mishahara miwili au zaidi. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza makatazo hayo. Pasipo katazo la awali, jina hilo lisingekuwa na maana.

Suala hili lina uzito mpya tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Tuchukue mfano wa ushahidi. Ushahidi unaweza kupatikana bila kuvunja sheria yoyote, lakini mahakama ikaukataa kwa kuwa hauhusiani na shauri. Kusema kwamba ushahidi huo si halali ni kumtuhumu aliyeuleta kwa kosa ambalo hakulitenda. Hapa kinachofaa ni ushahidi usiokubalika. Kauli ya kutendeka katika -kubalika humdondosha mtenda, kama kifanyavyo kiambishi cha Kilatini. Kauli ya kutendwa katika -ruhusiwa huacha nafasi ya kumtaja: umeruhusiwa na nani?

Inapendekezwa, basi, kwamba halali lihifadhiwe kwa chenye haki au nguvu ya kisheria. -Ruhusiwa litumike pale penye mamlaka inayoweza kutajwa. Na -kubalika pale kigezo kinapokuwa ndani ya utaratibu wenyewe. Kutumia halali kwa yote matatu kutarahisisha kazi ya mfasiri, lakini gharama yake ataibeba mwananchi anayesomewa uamuzi.