Kibiti: Kazi ya Ardhi Kwanza, Shamba Baadaye

Anayeanza kuwekeza katika ardhi ya Kibiti na delta ya Rufiji kwa mtaji mdogo ana njia mbili: anunue shamba mara moja, au aingie kwanza kwenye kazi yenyewe, iwe udalali, upimaji au uthamini. Historia ya huku inaelemea kwenye kazi. Mkulima wa bondeni alipanda mpunga akingoja mafuriko. Maji yakishuka, akapanda mazao ya mlau kwenye tope lililobaki. Msimu wa kulinda mazao alihamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, maji na nguruwe vipite chini. Kipande kilekile kilikuwa shamba miezi kadhaa na mto miezi mingine. Mnunuzi anayekikagua kiangazi anaona nusu tu ya anachouziwa.

Waliotegemea ramani waliumbuka. Baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji ilihamishia watu vijiji vya ujamaa vya nchi kavu, lakini wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, maana rutuba ilibaki huko. Mwaka 1997 serikali iliidhinisha mradi wa African Fishing Company wa kufuga kamba kwenye takriban hekta 10,000 za delta, ingawa baraza lake lenyewe la mazingira, NEMC, lilishauri vinginevyo. Baadhi ya wanavijiji walikwenda mahakamani, na mabwawa hayakujengwa. Kibali kilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua nani anaishi pale na kwa haki gani. Mikoko nayo ni hifadhi tangu 1898, enzi za Wajerumani, kwa hiyo anayekuuzia jaruba la mpunga lililofyekwa ndani yake anakuuzia msitu wa serikali.

Daraja la Mkapa, juu ya mto Rufiji, lilipofunguliwa mwaka 2003, barabara ya kusini iliacha kusubiri kivuko, na viwanja vya kandokando yake vikapata wanunuzi wa mbali. Hapo dalali akawa mtu muhimu, na lawama zikamfuata: anakula cha juu, anauza kiwanja kimoja mara mbili, kizuri anajiwekea. Lawama hizi zina ukweli. Dalali ambaye pia ni mwekezaji amekaa pande zote mbili za meza, na dawa ni mbili: asinunue eneo alilokabidhiwa kuuza bila mwenye mali kujua, na kamisheni yake itajwe mapema. Wengine watasema ukikaa kujifunza, bei zinakuacha. Kwa viwanja vya barabarani, huenda. Bondeni hoja hiyo haisimami: Bwawa la Julius Nyerere, juu zaidi kwenye mto huohuo, lilianza kujazwa Desemba 2022, na bado Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Aliyewahi kuwazungusha wateja huko masika na kiangazi asingelipa bei ya nchi kavu kwa ardhi ya maji.

Kazi hiyo humzoesha mtu pia kudai karatasi inayostahili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Kabla hujatoa hata shilingi ya kishika shamba, omba kuona muhtasari wa mkutano huo.