Savitri, Aliyewaliza Watamil

Ndugu msikilizaji, tukitaja filamu za Kihindi, wengi wetu fikra huenda Bombay. Lakini kusini, katika jiji la Madras ambalo tangu 1996 linaitwa Chennai, zilitengenezwa filamu za Kitamil zilizopendwa sana. Na katika waigizaji wa kike wa filamu hizo, jina la Savitri halijasahaulika.

Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Mwaka 1950 alipewa nafasi kubwa katika filamu ya Samsaram, kisha akanyang'anywa na kubakishiwa kisehemu kidogo. Hakususa. Ilipotengenezwa Missamma ya 1955, kwa Kitelugu na kwa Kitamil, mwigizaji mkuu Bhanumathi alikosana na mtayarishaji akaondoka. Savitri, aliyepangiwa nafasi ya pili, akasogezwa mbele. Tangu hapo hakurudi nyuma.

Mwaka 1960 alikuwa mama katika Kalathur Kannamma, filamu ya kwanza ya Kamal Haasan, wakati huo mtoto mdogo. Mwaka uliofuata ikaja Pasamalar, ya kaka na dada yatima wanaopendana, mpaka ndoa ya dada inapoleta mfarakano. Kaka ni Sivaji Ganesan. Mimi Kitamil sijui hata neno moja, lakini kaka na dada walipokufa pamoja mwishoni, nililia. Ndugu zangu, nani kati yetu hana nduguye aliyekosana naye kwa maneno ya wakwe?

Kisha Savitri akataka kutengeneza filamu zake mwenyewe. Mwaka 1971 aliongoza Praptham, akaigiza humo na fedha akatoa yeye. Filamu haikupata watazamaji. Hasara ikamwangukia, pombe nayo ikamwandama. Alifariki tarehe 26 Desemba 1981, baada ya miezi mingi ya kulala bila fahamu. Mwaka 2018 maisha yake yalitengenezewa filamu, Mahanati, na Keerthy Suresh aliyemwigiza akapata tuzo ya taifa.

Sifa hizo ni njema, lakini zilimkuta kaburini. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Sisi watazamaji hukipenda chombo kinachoelea, tusiulize fundi amekula nini. Msanii wetu anapong'aa, na apate mtu wa kumwekea hesabu na rafiki wa kumwambia ukweli. Akishazama, makofi yetu hayamwopoi.