Ukanda wa saa

Simu iliyowekwa Kiswahili, ukifungua mipangilio ya tarehe, hukutaka uchague "saa za eneo". Maneno ni mepesi, ila mimi hunikwaza. Yapeleke Siyu, kisiwani Pate, pwani ya Kenya, kisha yapeleke Mwamgongo, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma, uone.

Siyu iko karibu na longitudo ya 41 mashariki. Mwamgongo haifiki 30. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, yaani uzi mmoja kwa dakika 4, basi jua likishachomoza Siyu, Mwamgongo hulingoja takriban dakika 45 zaidi. Lakini saa za ukutani husema mamoja kotekote: saa tatu mbele ya Greenwich. Kipimo chake ni longitudo ya 45, mstari usiogusa Kenya wala Tanzania. Unapita Somalia.

Sasa saa za eneo hasa ni zipi? Waswahili huhesabu saa za mchana tangu kunapokucha. Siyu jua hutoka kama saa kumi na mbili na robo, na hesabu inakubali. Mwamgongo hutoka ikikaribia saa moja kamili, kwa hiyo saa nzima ya mchana imekwisha kabla mchana wenyewe haujaanza! Mwezi wa Ramadhani, redio ikirusha adhana ya magharibi kutoka Dar es Salaam, mfungaji wa Ujiji, jirani na Kigoma, bado ana jua usoni. Akivuka ziwa kwenda ng'ambo ya Kongo, ataurudisha mshale nyuma saa moja, ingawa jua halikusogea.

Kwa hiyo mimi nasema ukanda wa saa. Wingi, kanda za saa. Ukanda ni kipande chembamba kirefu, na neno hilo halidai kwamba kila kijiji kilichomo kina jua lake sawa na la jirani. Watu wa Pate hawatalishangaa: mlango wa bahari wanaopitia kwenda Lamu, kati ya Manda na bara, huitwa Mkanda. "Saa za eneo" zibaki na kazi yake, yaani saa inayotumika pale ulipo. "Majira", neno wanalolipenda watangazaji, ningelipumzisha. Limeshabeba masika na kiangazi.

Na kazi zenyewe za vijiji hivi hazimo katika ukanda wowote. Chombo cha Siyu hungoja maji yajae ndipo kipenye kwenye mikoko, hata kama abiria wanatazama saa. Mwamgongo dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, Siyu huwa na bamvua, maji hujaa sana. Mwamgongo taa hazivuti dagaa, na mitumbwi hulala ufukweni.